Siku Mlango wa Bi Harusi Ulipogoma

Marahaba. Na wale mlionisalimia "Mambo", nimewajibu "Poa" bila kinyongo. Mtu aliyeacha kazi ana njaa ya kuzungumza kuliko njaa ya heshima.

Mmeniuliza, ninyi vijana mnaopikia shughuli siku hizi, ni kitu gani kilichonishtua zaidi katika miaka yangu ya kupika pilau za harusi za watu. Nadhani mlitegemea niwasimulie siku mbuzi wawili walipokata kamba asubuhi ya harusi, wakaenda kula maua mbele ya ofisi ya Mzungu, nami nikawafuata na kisu mkononi nikijaribu kuonekana mtu wa amani. Ile ilinishtua, lakini ilipita. Nitakayowaeleza haijapita. Mpaka leo naweza kuwa natafuta miwani, nikaikumbuka, nikabaki nimesimama katikati ya chumba mdomo wazi, na miwani nisiione.

Kwanza mjue nilifikaje kwenye sufuria, maana sikuzaliwa huko. Nilikwenda chuo kikuu, mbali, enzi ambazo kijana wa Dar es Salaam akienda chuo kikuu mtaa mzima unamsindikiza stesheni. Huko tukagoma kwa sababu ya maharage. Yalikuwa na mawe. Walioonekana vinara wakarudishwa makwao. Mimi sikuwa kinara. Nilikuwa nimesimama karibu na kinara, nikimuuliza saa ngapi. Nikarudi Kariakoo na kitabu kimoja cha historia ya Warumi na aibu isiyoenea kwenye sanduku. Kazi ya ofisini sikupata. Nikasikia kuna mpishi wa shughuli anatafuta mtu wa kumsaidia kuinua sufuria kubwa. Ndiyo hivyo: aliyefukuzwa kwa kukataa kupikiwa vibaya akawa mpishi.

Mpishi huyo aliitwa Sudi.

Nilipomwona mara ya kwanza nilipigwa na butwaa, na nilikuwa kijana wa kutopigwa na butwaa, niliyedhani nimeshaona dunia. Alikuwa mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe pee hata mbele ya moto, wanja machoni, kanga imetupiwa begani, anatembea taratibu kama mtu anayesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii. Sauti yake nyororo. Mikono yake ya chuma. Chuo kikuu kilinifundisha habari za Warumi. Hakikunifundisha macho yangu niyaweke wapi.

"Bwana Chuo," aliniambia, na jina hilo likanishika mtaani kuliko jina la baba yangu, "macho yako yaweke kwenye moto. Mimi siungui."

Kariakoo ya siku zile, siku za Mwingereza, ilimjua Sudi vizuri. Akina mama walimpenda waziwazi. Wanaume walimpenda saa ya kula. Alikuwa akiishi Ilala, chumba kimoja, yeye na Nassoro, kuli wa bandarini, mtu wa kusini mwenye kifua kama mlango wa ghala na maneno machache. Waliishi hivyo miaka mingi. Watu wakiulizwa Nassoro ni nani kwa Sudi, walisema "rafiki yake", kisha wakauliza bei ya nazi imekuwaje. Wenye midomo michafu walikuwa na majina mengine, na hayo siyasemi. Yalishaandikwa vya kutosha kwenye kuta.

Na walikuwa na mtoto. Dada yake Sudi alifariki akaacha binti mdogo, Mwanaidi. Wale wawili wakamlea. Sudi alimsuka nywele na kumfundisha kupika. Nassoro alimbeba mabegani kwenda shule wakati wa masika, Ilala ilipokuwa matope matupu.

Sasa ngojeni kidogo niwape somo, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Pilau ya watu wengi haiivi kwa moto wa chini peke yake. Maji yakishakauka, unavuta kuni zote kutoka kwenye mafiga, unaacha joto la majivu, kisha unapalia: unaweka makaa juu ya mfuniko, kidogo, yaliyotawanyika. Halafu unasubiri. Hapo ndipo wapishi wengi wanapoharibu. Wanafunua kutazama. Mimi nilifunua mara tatu kwenye harusi yangu ya kwanza, kwa uchu wa elimu, na wageni wakala kitu kilicho mbichi juu, uji katikati na mkaa chini. Sudi hakunipiga. Alinikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa akaniambia: "Wali hauogopi kusubiri. Unaogopa kufunuliwa." Ukitaka usubiri zaidi, unaondoa makaa ya juu, unaufunika kwa gunia lililoloweshwa maji, na unakaa mbali nao. Pilau iliyofunikwa vizuri inasubiri alasiri nzima, na ikifunuliwa bado inakutukana kwa harufu.

Tena kuna sheria ya uani ambayo ninyi mmeiacha: mwiko wa kwanza ni wa mpishi mkuu. Wewe msaidizi unaweza kukesha, kukuna nazi, kuungua vidole. Lakini sufuria ya shughuli haifunuliwi mpaka mwenye mwiko awepo.

Basi. Mwanaidi alikua, akaposwa na Hamisi, kijana mpole, fundi cherehani kwenye baraza mojawapo ya Kariakoo. Baba yake Hamisi alikwisha kufa. Msemaji wa upande wa mume alikuwa mjomba wake, Mzee Mwinshehe, mwenye duka la jumla la nguo karibu na soko, mtu mwenye tumbo la heshima na tasbihi isiyopumzika. Kwa kuwa chumba cha Ilala kilikuwa kidogo, harusi ikawekwa Kariakoo, nyumbani kwa Bi Zawadi, ambaye ndiye alikuwa kungwi wa Mwanaidi, yaani mama aliyemfunda kabla ya ndoa. Bi Zawadi alikuwa mwembamba kama ufito, na hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

Siku ya harusi, baada ya adhuhuri, sufuria zetu tatu zilikuwa zimekaa kwenye mafiga uani, nyama imeshaiva, mchele umeshatiwa. Akina mama wote walikuwa ndani na bi harusi. Mzee Mwinshehe akaingia uani kwa mlango wa nyuma, peke yake. Akatusalimu kwa upole. Akavuta harufu, akafumba macho.

"Sudi, mkono wako una baraka," akasema.

"Za Mungu, mzee."

"Sasa sikiliza, ndugu yangu. Ninao wageni. Watu wa Bagamoyo, watu wa Tanga, watu wazito. Unaelewa. Hawajazoea." Akayazungusha macho kutoka kwenye wanja mpaka kwenye kanga. "Chakula chako tutakula, hilo halina neno. Wewe tu ndiyo tunaomba usionekane."

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nilihisi maji yananimwagikia miguuni na sikuweza kuinyanyua ndoo. Sikushangaa kwamba mtu aweza kumchukia mwenzake. Hilo hata kwenye historia ya Warumi limejaa. Nilishangaa ule upole. Alisema kama mtu anayeomba usogeze kiti.

Nikategemea Sudi atamjibu. Ulimi ule niliujua. Uliwahi kumliza muuza nyama. Lakini aliifungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaikunja, akaufuta mwiko mkubwa na kunipa.

"Fundi, unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Hii ni harusi ya mwanao!"

"Ndiyo maana," akasema. "Leo ni siku ya Mwanaidi. Nikipiga kelele itakuwa siku yangu." Akatazama sufuria zile tatu, moja moja, kama anayeaga watu. "Usifunue."

Akatoka kwa mlango wa uani. Mzee Mwinshehe akampisha, tena akamshikia mlango usimgonge.

Haikupita muda Bi Zawadi akaja kuchukua maji ya moto. Akauliza, "Sudi yuko wapi? Binti anamwulizia." Nikamweleza maneno yote. Bi Zawadi akanyamaza. Mimi, wanangu, nilikuwa sijawahi kumwona akinyamaza, nikadhani amepatwa na kitu moyoni. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Bwana Chuo, wali huu unaweza kusubiri mpaka lini?"

"Nikiondoa makaa na kuloweka magunia, mpaka magharibi. Labda zaidi."

"Ondoa."

Nikaelewa kinachokuja, na hapo elimu ikanipanda kichwani. Nikamwambia kwamba mimi nimewahi kuwa kwenye mgomo, ninajua taratibu. Kwanza mnaunda kamati, mnachagua mwenyekiti na katibu, mnaandika madai.

"Na huo mgomo wenu mlishinda?"

"Hapana. Walinifukuza."

"Basi kaa na magunia yako," akasema. "Kamati ya nini? Mlango ni mmoja."

Ndoa ikafungwa msikitini baada ya alasiri. Tukasikia tarumbeta zikija, mtaa mzima ukitetemeka. Hamisi akaingia ukumbini na joho lake na kilemba na jambia ya kuazima, wanaume wakimfuata, Mzee Mwinshehe mbele. Wakafika mlango wa chumba cha bi harusi. Umefungwa, komeo ndani, na akina mama wamesimama mbele yake bega kwa bega. Hakuna aliyeshangaa. Desturi mnaijua: kungwi anazuia, upande wa mume unatoa kitambaa chenye noti, kungwi anakataa mara ya kwanza kwa madaha, mara ya pili kwa kicheko, ya tatu anapokea na mlango unafunguliwa kwa vigelegele.

Mzee Mwinshehe akatoa kitambaa. Bi Zawadi akakataa. Watu wakacheka. Akaongeza. Bi Zawadi akakataa. Watu wakacheka zaidi. Akaongeza tena, akamrushia jicho la utani. "Haya mama, tusije tukauza duka."

Bi Zawadi akakichukua kitambaa, akakifunga vizuri, akakiweka kwenye mfuko wa kanzu ya Mzee Mwinshehe kwa mkono wake mwenyewe.

"Hatutaki noti," akasema. "Tunamtaka mjomba wa bi harusi. Uliyemtoa kwa mlango wa nyuma, nyumbani kwangu, bila kunipigia hodi."

Tarumbeta moja ilikuwa bado inalia huko nje. Ikakatika katikati ya pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha uani na niliziona nyuso zile. Sijaona tena watu wengi hivyo wakishtuka kwa wakati mmoja. Wazee wa Bagamoyo walitazama wazee wa Tanga. Shehe aliyefungisha ndoa aliitazama kofia yake, akasema polepole, "Mimi kazi yangu nimeimaliza," akakaa.

"Bi Zawadi, huu ni mzaha," alisema Mzee Mwinshehe.

"Mzaha ulikuwa wa kwako. Kula chakula cha mtu na kumfukuza mtu."

"Unajua yule ni mtu wa namna gani!"

"Namjua. Amekuwa hivyo tangu tukiwa watoto, na wewe umekula pilau yake kwenye harusi zako mbili. Ya tatu hukumwita, ndiyo maana mkeo alikimbia."

Kicheko kikatoka upande wa akina mama, kikazimwa haraka.

Mzee akabadilisha njia. "Hii ndiyo siasa mnayojifunza kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja! Mmeacha vyombo mmekimbilia mikutano, sasa mnaturudishia mashetani nyumbani."

"Mikutanoni nimekwenda," akasema Bi Zawadi, "na nimesikiliza vizuri. Wamesema binadamu wote ni sawa. 'Wote' nimeisikia. 'Isipokuwa' sikuisikia. Labda ulikuwa umekaa karibu zaidi."

Niruke kidogo hapa, maana mzee akisimulia ana ruhusa ya kuruka. Msidhani jambo lile liliishia pale. Baada ya siku hiyo makungwi, wapiga ngoma na wapishi wa Kariakoo na Ilala walipatana: nyumba yoyote itakayomfukuza mtu wa kazi kwa jinsi alivyoumbwa au kwa ajili ya mtu anayeishi naye, mlango wake haufunguliwi na sufuria yake haifunuliwi. Hatukushinda kila mahali. Wako waliokodi wapishi kutoka mbali. Kijana mmoja mpiga ngoma, laini kama Sudi, alipigwa njia ya Mchikichini, ngoma yake ikachanwa. Akina mama wakaenda kukaa kwenye baraza la aliyempiga. Hawakusema neno. Walikaa tu, kuanzia asubuhi, wakichambua mchele, mpaka mtu yule akatoka na ngoma mpya. Mgomo wa namna hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Lakini yote hayo yalitoka kwenye ule mlango, na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Mzee Mwinshehe akageukia tumbo. "Basi wageni wale kwanza. Mlango baadaye." Akaja uani, wazee nyuma yake. "Pakua!"

Ningependa kuwaambia kwamba nilijibu kwa sauti ya simba. Ilitoka sauti ya kuku anayejua sikukuu imefika.

"Mzee, siwezi. Mwenye mwiko hayupo."

"Mwiko si huo umeushika?"

"Nimeushikia tu."

Wasaidizi wenzangu wawili, ambao kwa kawaida hawakukubaliana nami hata juu ya chumvi, wakaja wakakaa chini, kila mmoja ameegemea sufuria yake. Nami nikakaa kwenye ya tatu. Ilikuwa ya moto. Nilivumilia kwa ajili ya haki, na alama ninayo, mahali ambapo siwezi kuwaonyesha.

Aliyetukwamua alikuwa Hamisi. Bwana harusi, wanangu, siku ile hana kauli. Anabebwa kama mzigo, anaambiwa kaa, anakaa. Akaja mpaka mbele yangu, jasho limelowesha kilemba.

"Anakaa wapi?"

"Hamisi!" mjomba wake akafoka.

"Mjomba, mimi sikujua. Ningejua ningesema." Akasita. "Sijui kama ningesema. Lakini sasa nimejua. Bwana Chuo, nipeleke."

Tukatoka kwa miguu. Bwana harusi mzima, na joho na jambia, anakatiza mitaa ya Kariakoo kwenda Ilala, hana tarumbeta, ana mpishi mmoja mwenye kanzu iliyoungua nyuma. Mafundi kwenye mabaraza wakasimamisha vyerehani. Mmoja akaita, "Hamisi, umeachwa kabla hujaingia?" Hamisi akaendelea mbele. Alikuwa anatembea kama mtu anayeogopa kwamba akipunguza mwendo atageuka.

Sudi alikuwa amekaa kibarazani kwake, uso ameuosha, wanja umetoka. Sikuwahi kumwona bila wanja, na hilo lilinishtua kuliko machozi. Nassoro alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye mwimo wa mlango.

Kabla Hamisi hajafungua mdomo, Sudi aliniuliza mimi, "Wali?"

"Haujafunuliwa."

Akashusha pumzi. Hamisi akavua viatu, akapiga goti, akamshika mkono. "Shikamoo baba. Nimekuja kukuchukua. Mlango umefungwa."

"Mpe Zawadi noti zake."

"Amezikataa. Anakutaka wewe."

Nikamwona Sudi akishikwa na bumbuwazi. Maisha yake yote alikuwa amepika kwenye nyua za watu. Sidhani aliwahi kufikiri kwamba kuna mtu angemfungia mtu mlango kwa ajili yake. Akatikisa kichwa. "Mimi nitawaharibia."

Hapo Nassoro akasema, na yeye kusema ilikuwa sawa na kupasuka kwa dari. "Mlimtoa kwa mlango wa nyuma. Mnataka arudi kwa upi?"

"Kwa mbele," akasema Hamisi.

"Basi ngojeni apake wanja."

Tulirudi wanne. Sudi na Hamisi mbele, mimi na Nassoro nyuma. Tulipokaribia nyumba, tarumbeta zikatuona, zikalipuka. Nassoro akasimama kona ya baraza, kwenye kivuli cha ukuta. "Mimi nimemsindikiza tu," akaniambia. Hivyo ndivyo alivyozoea: kumsindikiza mpaka konani, kumngoja konani.

Sudi akaingia kwa mlango wa mbele, katikati ya wale watu wazito. Vigelegele vilivyopigwa vingeweza kuinua bati. Wazee wengine wakainamisha nyuso. Mmoja wa Tanga, Mungu amrehemu, akampa mkono. Mzee Mwinshehe akajifuta paji la uso.

"Haya. Mmempata mtu wenu. Sasa fungueni."

Bi Zawadi akagonga mlango ili wa ndani waondoe komeo. Komeo halikuondoka. Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani, nyembamba, lakini ukumbi mzima uliisikia.

"Mjomba Nassoro ameingia?"

Bi harusi hasemi, wanangu. Bi harusi wa siku zile alikuwa hakohoi. Nilimtazama Bi Zawadi, nikaona kwamba hili hakulipanga. Alikuwa ameshtuka kama sisi, kiganja bado kiko hewani karibu na mlango.

"Nani amesema?" aliuliza Mzee Mwinshehe.

"Mimi," ikasema sauti. "Wamenilea wawili. Nimeambiwa ameingia mmoja."

"Huyo Nassoro ni nani? Ni nani yake binti?"

Lile lilikuwa swali ambalo mtaa mzima ulikuwa umelikwepa miaka yote kwa kuuliza bei ya nazi. Mpishi, hilo waliweza kulimeza. Mpishi ni mtu wa kazi. Lakini mwenzake je, akaribishwe kama nani? Nilimwona hata mama mmoja kati ya waliosimama mlangoni akiuachia mkono wa jirani yake, akarudi nyuma hatua. Nikasema moyoni, hapa ndipo tunaposhindwa. Hamisi akamtazama Sudi.

Sudi akageuka. Akatembea ule mwendo wake mpaka mlango wa mbele, akasimama barazani mbele ya wapiga tarumbeta, majirani, na mafundi waliofunga vyerehani kuja kutazama. Yule mtu ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitembea ubavuni mwa Nassoro ndani ya Kariakoo, akapaza sauti, sauti ile ya kila siku, ya nyumbani, ya mtu anayemgombeza mwenzake kwa kusahau kuleta mkaa:

"Nassoro! Unasimama nini huko konani? Ingia ndani. Watu wanachelewa kula kwa ajili yako, na wali wangu unapoa!"

Nassoro akatoka kwenye kivuli. Alipita kati ya watu ameinamisha kichwa, kama anapita chini ya shehena, mpaka ukumbini. Akasimama ubavuni mwa Sudi.

"Nimeingia, Mwanaidi," akasema.

Komeo likaanguka.

Sitawaeleza furaha; furaha zote zinafanana, na mimi nilikuwa nimekimbilia uani kuokoa magunia. Sudi akaja. Nikategemea ataniambia neno la kukumbuka. Akainua gunia la sufuria ya kwanza, akashika mfuniko, akanusa. "Nani aliyeegemea hii?"

"Mimi, fundi."

"Umeipoza ubavu mmoja."

Akafunua. Akapakua sinia la kwanza mwenyewe, nyama nzuri juu, kisha akachukua birika na bakuli la kunawia. Nikadhani anampelekea Nassoro, au wazee wa Tanga. Akaelekea kwenye jamvi alipokuwa amekaa Mzee Mwinshehe peke yake, amegeukia ukuta.

"Fundi," nikamnong'oneza, "huyo?"

"Alisema chakula changu atakula," akanijibu. "Safari hii atakula akiniona."

Akaweka sinia mbele ya mzee. Akachuchumaa, bakuli mkono mmoja, birika mkono wa pili, wanja wake mbichi, na akangoja. Ukumbi wote uligeuka kutazama. Mzee Mwinshehe alitazama ukuta. Akatazama pilau. Akamtazama Sudi usoni, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa muda mrefu. Sijui kama ilikuwa toba au ilikuwa njaa. Pilau ya Sudi haikumwachia mtu nafasi ya kutofautisha.

Akanyoosha mikono juu ya bakuli.

Sudi akamimina.